Reli Ndogo na Mwanagenzi Wake

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilichukua miaka 36 kuufikia mji wa Arusha. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Wajerumani wakaondoka na Waingereza wakaishika nchi, na kile kipande cha mwisho cha kilomita 86, kutoka Moshi hadi miguuni pa Mlima Meru, kikamalizika mwaka 1929. Hapo reli ikakoma. Mara nyingi ilinenwa kwamba itavushwa kwenda magharibi hadi Ziwa Viktoria, na mara nyingi maneno hayo yakabaki kuwa maneno. Olasiti, iliyo upande wa magharibi wa mji, haikupata stesheni wala taruma moja. Kwa mtu wa Olasiti, basi, gari la moshi lilikuwa kitu cha kufuatwa mjini: alikwenda akalitazama, akarudi kwao.

Kutazama huko ndiko kunakozaa swali la insha hii. Vitabu vya historia huhesabu maili za reli, tani za kahawa na katani, na fedha zilizotumika; havisemi sana habari za ufundi wenyewe, yaani jinsi mtu asiyejua alivyofanywa ajue. Hapana ufundi unaojifunzwa kwa kutazama tu. Mwanagenzi hana budi kushika chombo, na akishika hana budi kukosea. Lakini reli ni kazi isiyosamehe makosa: pointi moja iliyogeuzwa vibaya yaweza kuua watu mia. Mgeni wa kazi hii atakosea wapi? Jibu moja lilipatikana katika kitu ambacho wengi hukidharau, nacho ni reli ndogo ya mfano, ile inayotandikwa juu ya meza, ambayo watu wazima wa nchi nyingi huitengeneza kwa mikono yao na kuwafundisha wengine. Jibu la pili, lisiloandikwa vitabuni, lilipatikana katika viwanja vya vumbi vya Afrika Mashariki, mikononi mwa watoto.

Kabla ya reli kuja, nchi za Meru na tambarare zake hazikukosa mafundi. Wamaasai walikuwa na wahunzi wao, Ilkunono, waliofua mikuki, sime na kengele za ng'ombe. Ufundi huo ulikuwa na ua wake. Baba alimfunza mwanawe, na Ilkunono waliozana wao kwa wao, kwa kuwa watu wengine waliihitaji kazi yao lakini waliogopa kuchanganya damu nao. Huko pwani nako mafundi wa majahazi walijenga vyombo vikubwa bila ramani ya karatasi. Kipimo kilikuwa jichoni na mkononi, na mtoto wa fundi aliokota vipande vya mbao vilivyotupwa, akachonga kijahazi chake, akakielea ufukoni. Kikizama, alijua kwamba ubavu mmoja ulikuwa mzito. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Wangeweza kuongeza kwamba kabla ya kimoja kuelea, vingi vimezama.

Taratibu hizi mbili zilikuwa na jambo moja la kusifiwa na moja la kulaumiwa. La kusifiwa ni kwamba mwanafunzi alikuwa karibu na kazi tangu utoto, na makosa yake ya kwanza yalikuwa madogo, yakahesabiwa kuwa mchezo. La kulaumiwa ni kwamba mlango ulifungwa: asiyezaliwa ndani ya ua hakuingia.

Reli nayo ilileta ua wa namna nyingine. Wajenzi wa reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, waliwaleta kutoka Bara Hindi wafanyakazi zaidi ya 30,000, na miongoni mwa waliobaki walikuwamo wahunzi, maseremala na makanika hodari. Katika reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, ambazo mwaka 1948 ziliunganishwa kuwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, vyeo na mishahara viligawanywa kwa rangi kwa muda mrefu. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, na Mwafrika chini. Mwafrika alisafisha injini, alichochea moto, alishindilia kokoto chini ya mataruma na kukaza reli juani. Alikuwa karibu na chuma kuliko mtu yeyote, lakini usukani haukuwa wake.

Yafaa kupima kwa uangalifu kilichokosekana hapo. Mchochezi wa moto aliyesimama miaka kumi kando ya dereva alijua mengi. Alijua mlio wa injini inapopanda mlima, alijua mahali pa kuongeza maji, na alijua kona ambayo dereva hupunguza mwendo. Alichonyimwa ni ruhusa ya kujaribu. Na pasipo kujaribu, ujuzi wake ulikuwa kama mbegu iliyo ghalani: ni nzima, lakini haijaota. Katika madai ya wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, ambao chama chao kiliundwa mwaka 1955 na ambao waligoma kwa muda mrefu mwaka 1960, mishahara ilitajwa kwanza. Lakini nyuma ya mshahara kulikuwa na cheo, na nyuma ya cheo kulikuwa na swali la nani afundishwe nini. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 milango ilifunguliwa, na watu wa nchi wakawa madereva, wakuu wa stesheni na wahandisi. Wengi wao walikuwa wameingoja nafasi hiyo kando ya moto.

Wakati huo huo, mbali na hapa, reli ndogo ilikuwa imekwisha kuwa na historia yake. Ilianza kama mwanasesere wa watoto wa matajiri. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig magari ya moshi ya bati yenye jambo jipya: vipimo vya njia vilivyowekwa kwa utaratibu, hata mtu akaweza kununua gari leo na reli mwaka kesho, navyo vikapatana. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililogeuza mwanasesere kuwa ufundi, kwa kuwa kipimo cha pamoja ni lugha ya pamoja. Mwaka 1910 watu wazima wa London walianzisha chama chao cha reli za mfano. Mwaka 1935, katika mji wa Milwaukee, Wamarekani waliunda chama cha taifa ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kuweka vipimo hivyo kwa maandishi, ili gurudumu la fundi mmoja liweze kupita juu ya reli ya fundi mwingine.

Wenye reli kubwa nao hawakuona haya kujifunza kwa wenye reli ndogo. Mwaka 1912 kampuni ya reli ya Lancashire and Yorkshire iliweka katika stesheni ya Victoria, mjini Manchester, meza kubwa yenye reli ya mfano, pointi zake na ishara zake, kwa ajili ya kuwafundisha wapiga ishara. Mwanafunzi alivuta wenzo, ishara ikainuka, kigari kikapita. Akikosea, vigari viligongana mezani, mwalimu akaviweka sawa, na somo likaanza upya. Meza hiyo ilifundisha vizazi kadhaa, na leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Reli mjini York. Manchester ndio mji uleule ambao kiwanda chake cha Beyer, Peacock kiliunda, mnamo mwaka 1955 na 1956, zile injini kubwa 34 za Reli za Afrika Mashariki zilizopewa majina ya milima, mmoja wao ukiwa Mlima Meru. Injini hizo zilikuwa na uzito wa tani 250 hivi kila moja, zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Mji mmoja, basi, ulijua kuunda jitu la chuma, na ulijua pia kwamba mgeni haanzi kwa jitu.

Sharti aanze kwa lipi? Mafundi wa reli ndogo wamekubaliana katika jambo hili bila kuandikiana mkataba. Mgeni hupewa kwanza njia fupi ya mviringo, injini moja na mabehewa mawili. Anafundishwa kukata reli na kuipiga tupa mpaka ncha iwe laini, kwa kuwa ncha yenye ukali huangusha gurudumu. Anafundishwa kulehemu waya: chuma ndicho kipashwe moto, nacho chuma kiiyeyushe risasi, anayeyeyusha risasi juu ya chuma baridi hupata kiungo kilichofifia rangi, ambacho hushika leo na kuachia kesho. Anafundishwa kuangalia reli kwa jicho lililo chini, usawa na meza, ili aone kigongo kisichoonekana kwa aliyesimama. Hayo yote ni kazi ya jioni chache. Kinachofuata ndicho kinachompambanua mwalimu mwema.

Katika reli ndogo ya umeme, reli moja hubeba nguvu chanya na ya pili nguvu hasi. Siku moja mgeni hutamani gari lake ligeuke na kurudi lilikotoka, naye hupinda njia mpaka ijiunge na nafsi yake, kama kitanzi. Huonekana vizuri sana. Lakini penye kiungo, reli ya kulia hukutana na reli ya kushoto, chanya hugusana na hasi, na umeme wote hukatika. Mwalimu aliyemtangulia ameona kosa hilo tangu mgeni alipoanza kupinda njia. Mwalimu mbaya husema papo hapo, "Usifanye hivyo." Mwalimu mwema huhakikisha kwamba kifaa cha umeme kina kinga yake, kisha hunyamaza. Gari husimama, taa huzimika, mgeni hutafuta jioni nzima. Na atakapofuata kila reli kwa kidole chake akafika penye kiungo, hatalisahau somo hilo mpaka kufa. Waswahili walikwisha kulisema: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Mwalimu hufanya kazi mbili tu, kuona kwamba mwanafunzi anajikwaa mahali pasipo na shimo, na kuwapo atakapoinua kichwa kuuliza.

Reli ndogo hufundisha jambo jingine, nalo ni kuchagua. Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani ni kile cha 1 kwa 87. Reli ya Tanga na Arusha ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Kwa kipimo hicho upana wake huwa milimita 12 hivi, na hilo halina shida. Lakini fundi atakayetaka kutandika njia yote ya Moshi hadi Arusha, zile kilomita 86, atahitaji karibu mita 990. Na Mlima Meru, ambao kilele chake ki juu ya bahari kwa zaidi ya mita 4,500, kwa kipimo hicho utapita mita 51, mrefu kuliko jumba la ghorofa kumi. Hapana chumba cha kuubeba. Mgeni hana budi kuuliza: kitu gani kikiondolewa, njia hii haitakuwa tena njia ya Arusha? Daraja lipi libaki, kona ipi, ghala lipi la kahawa? Mlima utachorwa ukutani; lakini je, utachorwa kwa upande unaoonekana kutoka mjini, au ule unaoonekana na abiria anayekuja kutoka Moshi? Kuyajibu maswali hayo ni kuijua nchi, na wengi waliodhani wanajifunza kutengeneza magari wamejikuta wamejifunza jiografia na historia.

Mlango wa ua huu hufunguliwa kwa kazi, wala si kwa ukoo. Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, wanafunzi walianzisha mwaka 1946 chama cha reli za mfano, na desturi yao ilikuwa kwamba mgeni aliyefanya kazi kwa saa 40 juu ya reli ya chama alipewa ufunguo wa chumba. Hakuulizwa jina la baba yake. Baadhi ya waliopewa ufunguo huo, waliozoea kupanga swichi chini ya meza, walikuwa miongoni mwa watunzi wa mwanzo wa programu za kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1950.

Katika Olasiti na vijiji vya Meru hakukuwa na chama cha namna hiyo, na vifaa vya dukani kutoka Ujerumani au Uingereza vilikuwa ghali mno. Lakini mtu asifikiri kwamba hapakuwa na shule. Katika Afrika Mashariki yote watoto wamejitengenezea vyombo vyao vya safari kwa waya, makopo, vizibo vya soda na soli za kandambili zilizochakaa. Waya hupindwa kuwa fremu. Soli hukatwa mviringo kuwa magurudumu. Fimbo ndefu hufungwa usukani juu yake, ili dereva akimbie nyuma ya gari lake akiwa amesimama wima. Makopo yakifungwa moja nyuma ya jingine, gari huwa treni. Jambo la kuangaliwa ni mafunzo yake. Mtoto mkubwa hampi mdogo gari lililokwisha. Humpa kipande cha waya na kumwambia ashike hapa wakati yeye anapinda pale. Mdogo akipinda vibaya, waya hunyooshwa tena. Akikata gurudumu moja dogo kuliko jingine, gari huenda upande, na wenzake humcheka, naye kesho yake hukata kwa kupima. Kanuni ni ile ile ya meza ya Manchester: kosa liwe dogo, lionekane, na lirekebishwe na aliyelitenda.

Tofauti iko mbele ya safari. Kijana wa Manchester alitoka mezani akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha ishara, akashika wenzo halisi. Kijana wa waya alipofika umri wa shule, mara nyingi waya ulihesabiwa kuwa utundu, ukaachwa nje ya mlango wa darasa. Ndani alikuta ubao na chaki. Hakuna aliyemwambia kwamba ekseli aliyoitengeneza kwa spoku ya baiskeli ni ndugu wa ekseli ya behewa. Daraja lilikosekana kati ya ufundi aliokuwa nao na ufundi uliotakiwa, na hasara hiyo haikuandikwa katika hesabu za shirika lolote.

Hasara ya namna hiyo huonekana chuma kinaponyamaza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na reli ikagawanywa. Tanzania ikaunda shirika lake. Katika njia ya kaskazini magari ya abiria yalipungua, yakakoma, na baadaye hata mizigo ikaacha kufika Arusha. Nyasi ziliota kati ya mataruma. Kwa miaka hiyo yote reli yenyewe haikupotea sana, kwa kuwa chuma hungoja. Watu hawangoji. Fundi aliyestaafu hakuwa na mwanagenzi wa kumwachia koleo, kwa kuwa hapakuwa na gari la kutengeneza. Huko Nairobi, katika makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, injini mbili katika zile za milima zimehifadhiwa, Gelai na Shengena, zote zikiwa na majina ya milima ya Tanzania; ile iliyoitwa Meru haimo. Lakini hata iliyohifadhiwa ni nusu ya urithi tu. Nusu ya pili ni mkono wa mtu ajuaye kuuwasha moto wake, na mkono hauhifadhiwi ndani ya kabati la kioo.

Njia ya kuuhifadhi mkono yajulikana, na Tanzania ilikwisha kuiona. Reli ya Uhuru kutoka Dar es Salaam hadi Zambia ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, mafundi wa Kichina na vijana wa Kitanzania na Kizambia hawakuwa na lugha moja. Mwalimu alifanya, kijana akatazama. Kijana akafanya, mwalimu akatazama. Somo lilikuwa katika sehemu ile ya pili. Pale mwalimu anapofanya peke yake mpaka kazi ikaisha, reli hujengwa lakini fundi hajengwi.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 2020, treni ya abiria iliingia tena Arusha, na watu wakajaa kando ya njia kuipokea. Miaka minne baadaye, mwaka 2024, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, juu ya njia yenye upana wa milimita 1,435. Injini za namna hiyo hazina moto wa kuchochewa, na mchochezi wa zamani hawezi tena kujifunza kwa kusimama kando ya dereva miaka kumi. Haja ya mahali pa kukosea imezidi, wala haikupungua. Ndiyo maana madereva wa siku hizi katika nchi nyingi hufunzwa kwanza ndani ya chumba chenye picha ya njia inayokwenda, ambacho kwa kweli ni mjukuu wa ile meza ya Manchester.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, maadamu yuko aliyeshika koleo kabla halijavunjika. Waya hauna bei kubwa, na meza ya mbao haihitaji mkopo wa serikali. Fundi mstaafu wa reli, akikaa jioni na vijana sita juu ya reli ya mviringo yenye pointi mbili, aweza kuwafundisha kwa nini gari moja halina ruhusa ya kuingia katika kipande cha njia kabla stesheni ya mbele haijasema kwamba pako wazi. Atawaacha wakosee. Vigari viwili vya makopo vitakutana uso kwa uso katikati ya njia, vijana watacheka, na mmoja wao atanyamaza na kuanza kufuata njia kwa kidole chake, kurudi nyuma, akitafuta kosa lilipoanzia.